Kanoni Apolo wa Mboga na Jembe Lake



Likizo ya mwezi wa nane imekaribia, na vijana wa kanisa letu wanajiandaa tena kwa safari ya Injili. Mwaka huu watakwenda siku kumi katika zoni iliyo ng'ambo ya mto. Viongozi wao walituomba tuandike habari za mtumishi mmoja wa zamani ili waisome pamoja jioni kabla ya kuondoka. Tumemchagua Kanoni Apolo Kivebulaya. Wazee wetu waliotoka Ituri wanamjua tangu utoto, lakini watoto waliozaliwa hapa kambini tukiwauliza wanajibu kwamba ni jina walilolisikia kwa bibi, basi.

Kabla hatujaanza, tuseme jambo moja ambalo tulilinyamazia. Safari ya mwaka jana haikuwa nzuri kama tulivyotangaza hapa. Vijana walikwenda na gita, spika na Biblia zao. Waliimba vizuri, na watu wengi walikuja. Lakini hawakubeba chakula, maana tulifikiri kwamba wageni wa Injili hupikiwa. Wenyeji waliwapikia siku nne. Baadaye mama mmoja wa kule alitueleza kwa upole, bila hasira yoyote, kwamba mgao wao ulikuwa umepunguzwa, na siku zile yeye na watoto wake walikunywa uji tu ili wageni wale. Tuliona haya. Kosa lile si la vijana. Ni letu sisi tuliowatuma. Ndiyo sababu tukamkumbuka Apolo, kwa maana habari yake huko Mboga inaanzia hapo hapo, kwenye chakula.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, na wazazi wake wakamwita Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia. Alipokuwa mdogo alikaa kwa mganga mmoja ili ajifunze kazi ile, na huko akaziona hila za mganga kwa macho yake mwenyewe. Tangu hapo uganga ukamtoka moyoni. Baadaye akajiunga na Waislamu, na vita vya dini vilivyoanza Buganda mwaka 1888 vilimkuta akiwa upande wao. Kisha akahamia kwa Wakristo. Kwa hiyo tusimfikirie kama mtoto wa kanisa aliyelelewa katika shule ya Jumapili. Alikuwa kijana wa vita, aliyebeba silaha na kubadilisha upande, kama vijana wengi tuliowaona sisi wenyewe. Alibatizwa mwezi wa kwanza mwaka 1895, akiwa mtu mzima wa miaka kama 30, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu wa Matendo ya Mitume.

Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Alikuwa na koti jekundu la kiaskari, akalivaa pamoja na kanzu yake nyeupe, na watu walipoliona wakacheka wakasema huyu ni kitu kilichotoka Ulaya. Jina likamshika mpaka kufa. Sisi tunaona ajabu kidogo, kwa sababu katika maisha yake yote hakuna Mwafrika aliyeishi Kiafrika kuliko yeye.

Mwaka ule ule wa 1895 alitumwa Toro kuwa mwalimu. Mfalme Kasagama wa Toro alikuwa akitaka walimu, naye alibatizwa mwaka uliofuata akaitwa Daudi. Ng'ambo ya milima ya Rwenzori, chini kuna bonde la mto Semliki, na ukipanda tena upande wa pili unafika Mboga, nchi ya mwinuko iliyo ukingoni mwa msitu wa Ituri. Leo tunaiandika Boga. Baadhi yenu mnaosoma mlizaliwa kule, na njia hiyo mnaijua kwa miguu yenu, ila ninyi mliipita kinyume, mkishuka kuelekea Semliki na mafungu kichwani usiku. Wengine tulipita ziwa Albert kwa mtumbwi. Apolo aliipita akipanda.

Walimu wawili wa Kiganda, Sedulaka na Petero, walikuwa wametangulia Mboga. Hawakudumu. Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakutaka mafundisho yao, na watu wakazuiwa kuwapa chakula. Walimu hawa walikuwa wakitegemea wenyeji kwa kila kitu, kama ilivyokuwa desturi ya walimu wengi wakati ule. Chakula kilipokatika, na kazi ikakatika, wakarudi Toro na njaa yao. Hatuwacheki. Sisi tungerudi mapema zaidi.

Apolo alipokubali kwenda mahali pao, mwishoni mwa mwaka 1896, alikwenda na Biblia na jembe. Alipofika hakuomba kupikiwa. Alilima shamba lake mwenyewe, akapanda, akangoja. Mtawala anaweza kuwakataza watu wake wasimpe mgeni chakula, lakini ni vigumu kuukataza mhogo usiote. Na kuna jambo jingine ambalo jembe lilifanya. Watu wa Mboga waliozoea kumwona mwalimu kama bwana wa kuhudumiwa walimwona huyu ameinama juani, mikono ina udongo, jasho linamtoka kama lao. Watu walianza kumsogelea. Akawafundisha kusoma, na waliojua kusoma wakawafundisha wengine.

Tabaro hakupendezwa. Tukisema kweli, mtawala yeyote mwenye akili angekuwa na mashaka. Mgeni ametoka katika ufalme wenye nguvu ng'ambo ya mlima, anakusanya vijana wako, anawafundisha kuacha mizimu na wake wengi, na wewe hujui nani atakuja nyuma yake. Apolo alipigwa, alisumbuliwa, lakini hakuondoka.

Kisha mwaka 1898 likatokea jambo baya sana. Ilikuwa siku ya kazi ya ujenzi wa kanisa, watu wanaleta matete na nyasi. Dada yake Tabaro alikuwa miongoni mwao. Akaanguka juu ya mkuki uliokuwa wa Apolo, mkuki ukamchoma, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini ndugu wa marehemu akiwa ndiye mtawala, na mwenye mkuki akiwa ndiye mgeni asiyempenda, ni nani angeamini ajali? Apolo alishtakiwa kwa kuua. Akafungwa, akapelekwa mpaka Toro kwa maofisa wa Kiingereza, akawekwa gerezani.

Hapa tunaomba vijana wasome polepole. Mara nyingi tunasimulia habari za watumishi kana kwamba mateso yao yote yalitoka kwa adui. Lakini huyu dada alikufa kweli, katika kazi ya kanisa, kwa chombo cha mtumishi wa Mungu. Apolo alikaa gerezani akijua kwamba mwanamke aliyekuja kusaidia hayupo tena duniani, na kwamba huko Mboga watu wanaiona Injili kuwa ndiyo iliyomwua. Kiongozi yeyote wa vijana anayewapeleka watoto wa watu safarini anapaswa kujua kwamba jambo kama hilo linaweza kumpata. Mtoto anaweza kuzama mtoni. Pikipiki inaweza kuanguka. Hukukusudia, lakini watu watakuja kukuuliza.

Usiku mmoja katika gereza lile, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, Yesu Kristo alimtokea, aking'aa kama jua, akamwambia awe hodari kwa sababu yuko pamoja naye. Apolo aliikumbuka saa ile maisha yake yote. Kesi ilipochunguzwa alionekana hana hatia, akafunguliwa.

Sasa alikuwa Toro, mahali penye kanisa na marafiki, na hakuna mtu ambaye angemlaumu kama angebaki. Alirudi Mboga. Alirudi kwa watu wa yule dada, kwa Tabaro mwenyewe. Hatujui kama sisi tungeweza. Tabaro alimwona mtu aliyedhani amemalizana naye amekuja tena kwa miguu yake, na hakuja kulipiza kisasi wala kudai heshima. Mwisho wake Tabaro akaomba kubatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, kwa mikono ya Askofu Tucker. Miaka mingi iliyofuata alitumika upande wa Toro, akizunguka vijijini. Hapo hatutakaa sana. Alipaswa kuoa, lakini mchumba wake alifariki kabla ya ndoa, na Apolo akaamua kubaki hivyo mpaka mwisho. Nyumba yake hata hivyo haikuwa tupu. Ilijaa watoto na vijana, wengine yatima, wengine waliokuja tu kusoma wakabaki. Mshahara wake mdogo uliishia kwao.

Wakati huo wazungu walikuwa wakipima mipaka. Mpaka ulipowekwa upya, Mboga ikawa upande wa Wabelgiji, na kanisa mama likabaki Uganda upande wa Waingereza. Watu wa ukoo mmoja wakaambiwa kwamba sasa ni wa nchi mbili. Mwaka 1915 Apolo akarudi Mboga kukaa. Alikuwa na miaka zaidi ya 50, na alikuwa tena mgeni katika nchi ya watu, chini ya serikali ambayo si yake. Sisi wakimbizi tunaelewa maana ya kuishi hivyo. Tofauti ni kwamba yeye alijichagulia.

Alikaa miaka 18. Vijana wetu wanakwenda siku kumi, na tunafurahi kwa ajili yao, lakini tusijidanganye kwamba siku kumi ni kazi nzima. Siku kumi ni kubisha hodi. Apolo hakuhesabu kazi yake kwa mikutano aliyofanya, bali kwa vijana aliowaacha wakifanya kazi. Aliwafundisha kusoma, akakaa nao, akalima nao, kisha akawatuma kuwa walimu katika vijiji ambavyo yeye hakuvifikia, na baadaye akawafuata kwa miguu kuona wanaendeleaje. Wawili kati yao, Nasani Kainwa na Yusufu Limenya, waliwekewa mikono kuwa watumishi wa kanisa. Hata alipofanywa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe mwaka 1922, cheo kikubwa ambacho kingempa kiti kizuri Buganda, alibaki Mboga na vijana wake.

Karibu na wakati huo huo, mwaka 1921, alipata maono mengine. Kristo alimwagiza aende msituni. Ndani ya msitu wa Ituri waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji, wanaohamahama. Wenyeji wa vijiji walibadilishana nao ndizi kwa nyama, lakini waliwadharau. Waliwahesabu kama mali yao, mtu akisema Wambuti wangu kama asemavyo mbuzi zangu. Kanisa lenyewe la Mboga halikuwa limewafikiria. Ni vyepesi kuhubiri mbali na kumruka mtu aliye nyuma ya nyumba yako.

Apolo, mzee sasa, akaingia msituni. Alikaa nao katika vibanda vyao vya majani, akala walichokula, akajifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha hiyo kwa kazi yake. Wale ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanafikiri nini wakaulizwa. Wakabatizwa. Fikirieni watu wa vijiji walivyoona wakati Mmbuti aliyekuwa mtu wao anaketi kanisani juu ya mkeka ule ule nao.

Hapa ndipo tunarudi kwa safari ya mwezi wa nane, maana kuna wazazi waliokuja kwetu baada ya ibada wakisema watoto wao hawatakwenda. Sababu tunaijua, hata wale ambao hawakuitaja. Katika zoni ile wanakaa watu ambao kule nyumbani tulikimbizana nao kwa mapanga. Wapo kati yetu waliozika watoto kwa sababu ya kabila lile, na wapo kati yao waliozika watoto kwa sababu ya kabila letu. Hatuwezi kuwaambia wazazi hao kwamba ni jambo dogo. Hatuwalazimishi. Tunachoweza kusema ni kwamba Apolo alirudi kwa Tabaro, na Tabaro alimpokea mtu ambaye mkuki wake ulimwua dada yake. Wote wawili walikuwa na sababu ya kukataa. Mama yule aliyewapikia wetu mwaka jana, akalala njaa, ni wa zoni hiyo hiyo. Naye ni wa kabila hilo.

Mwaka 1933 Apolo aliugua. Alikwenda Buganda kutibiwa, na watu wa nyumbani kwao wangetaka abaki, afe kwao, azikwe kwa heshima. Yeye alitaka kurudi Mboga. Akarudi akiwa dhaifu, akafariki huko tarehe 30 Mei 1933.

Aliacha agizo juu ya maziko yake. Desturi ya Wakristo wa mahali pale ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwa sababu magharibi ya Mboga ni msitu, na katika msitu kulikuwa bado na watu ambao hawajafikiwa. Hata kaburini alitaka kuangalia upande ambao kazi haijakwisha. Walimzika hivyo.

Nasani Kainwa akaendelea na kanisa. Ile mbegu ya Mboga ndiyo iliyokua ikawa dayosisi ya Boga-Zaire mwaka 1972, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana katika nchi yetu likawa jimbo lenye askofu mkuu wake. Kila Mwanglikana wa Kongo, hata yule wa Katanga au Kinshasa ambaye hajawahi kuuona mto Semliki, anahesabu mwanzo wa kanisa lake kwa mtu yule wa koti jekundu. Makanisa mengine hapa kambini yana waanzilishi wao, na tutawaandika pia Mungu akijalia. Waingereza nao wanamkumbuka Apolo katika kalenda ya kanisa lao kila tarehe 30 Mei.

Sisi tarehe hiyo tunaikumbuka kwa majonzi pia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, saa chache tu baada ya siku ya Apolo, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi wakaua zaidi ya watu 50, wakiwemo wakimbizi wa ndani waliodhani wamefika mahali salama. Baadhi yenu mlikuja hapa kwa sababu ya usiku ule. Tuliwapokea mkiwa na watoto na sufuria, na mmoja wenu alikuwa na kitabu cha nyimbo tu. Kwa hiyo tukisimulia habari za Mboga hatusimulii habari za mbali.

Sasa matangazo ya safari. Vijana wanaokwenda waandikishe majina kwa mwinjilisti kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, wakiwa na ruhusa ya mzazi au mlezi. Kila mmoja alete unga kilo nne, maharage kilo mbili, chumvi yake na blanketi. Kila mmoja alete pia jembe lenye mpini mzima, kwa maana asubuhi watalima mashamba ya wajane wa kule, na ibada itakuwa jioni. Mama wawili na mzee mmoja wa kanisa wataongozana nao. Gita litakwenda, spika itabaki hapa. Mtoni watavuka kwenye daraja tu, hata kama ni mzunguko wa saa moja zaidi, na kiongozi atahesabu vichwa kabla na baada. Mama yule wa mwaka jana ametuma ujumbe kwamba anawangoja, na kwamba shamba la kwanza lianze kwa jirani yake mgonjwa, la kwake litafuata.